Masika ya Kumwachisha Eli Ziwa

Jumapili, Machi 21, 1993

Eli ameondoka leo. Bibi yake, mama mkwe wangu, alimfunga mgongoni, mimi nikaambiwa niingie ndani nisionekane. Ndivyo inavyofanyika kwetu. Mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi, na mama haruhusiwi kumuaga, eti akimwona analia njia nzima. Nimesimama nyuma ya mlango nikamsikia akiita, "Mama? Mama?" mpaka sauti ikapotea kwenye nyundo za mafundi bati. Siku hizi hapa Ngarenaro hata Jumapili hawapumziki, kila mtu na biashara yake.

Nina mimba changa. Mama mkwe alipojua hakunipa hata nafasi ya kukaa. "Ziwa sasa ni la aliye tumboni," alisema. "Ukimpa Eli, unampa sumu. Ataharisha, atakonda, utamzika." Nimeuliza wanawake wengine, wote wamesema hivyo hivyo. Nilijaribu kupaka shubiri kwanza. Eli alikunja uso, akaifuta kwa kiganja, akaendelea kunyonya. Basi ikabidi aende Nduruma, kwenye shamba la chini, ambako bibi yake anakaa kipindi chote cha masika kulinda mahindi na maharage.

Ana mwaka mmoja na nusu. Viatu vyake vimebaki.

Jumatatu, Machi 22

Maziwa yamejaa, yanauma. Niliposhona nguo ya mteja yakachuruzika kwenye kitambaa. Nimemwambia ni maji ya mvua.

Jumatano, Machi 24

Namnyaki, jirani yangu wa chumba cha pili, amenifunga kifua kwa kitenge, akavuta kwa goti kama anafunga mzigo wa punda.

"Usikamue, mama Eli. Ukikamua yanajua bado kuna mtu."

"Nikiyaacha nitapasuka."

"Hakuna aliyepasuka. Mimi nimeachisha wanne, nimepasuka wapi?"

Nimeitikia. Alipotoka nimekamua kidogo kwenye kikombe. Siyo kwa sababu ya maumivu peke yake. Sitaki yaishe.

Alhamisi, Machi 25

Loserian anayeleta maziwa ya ng'ombe kwa baiskeli kutoka Nduruma amepita. Shamba la mama mkwe liko njiani kwake, kwa hiyo ndiye redio yangu.

"Kaka Loserian, umemwona?"

"Nimemwona. Anafukuza mbwa. Juzi alilia, jana alilia kidogo, leo kala loshoro mpaka tumbo limekuwa ngoma."

Loshoro ya bibi ni nzito, mahindi na maziwa ya mgando. Nimefurahi anakula. Halafu nimekaa nikajiuliza, ina maana mwaka mzima na nusu unafutwa na bakuli moja la mahindi?

Jumamosi, Machi 27

Mvua.

Jumatatu, Machi 29

Mume wangu Philemoni amefungua robota jipya la mitumba. Yeye anauza sokoni, mimi natengeneza zilizochanika. Ndani kulikuwa na sweta jekundu la saizi ya Eli, lina bata kifuani. Nimeliweka pembeni. Jioni silioni.

"Limepata mtu," alisema. "Biashara ni biashara, mama Eli. Eli ana sweta."

Nimeshona zipu tatu mfululizo, na yeye akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda.

Alhamisi, Aprili 1

Mvua. Loserian anasema mtoto mzima. Mbu tu ndio wamezidi huko chini, hata ng'ombe hawalali.

Jumapili, Aprili 4

Kanisani watoto wameingia na matawi. Wa umri wa Eli walibebwa, wanapigana na matawi usoni. Nimetoka kabla ya mahubiri kwisha.

Loserian kanikuta mlangoni kwetu. Hakushuka kwenye baiskeli.

"Mtoto ana joto kidogo. Bibi amesema nikuambie usiwe na wasiwasi, ni homa ya ziwa. Wote wanaipata. Amesema usije. Ukija ndio unaanza upya."

Jumatatu, Aprili 5

Nimemwambia Philemoni nataka kwenda.

"Kufanya nini? Mama amelea saba. Wewe umelea nani?"

"Nimelea mmoja. Ndiye huyo."

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Sikiliza. Ana hamu na wewe. Hamu inapanda mpaka inakuwa homa. Akikuona itazidi. Mpe siku chache."

Namnyaki naye kasema hivyo hivyo. Kila mtu anaijua homa ya ziwa. Mtoto anachemka jioni, asubuhi anapoa, jioni anachemka tena, kwa sababu jioni ndiyo saa aliyozoea kunyonya. Inaingia akilini kabisa.

Na niseme ukweli, nimeiamini na mimi. Nina uchungu, lakini kuna kona moja ya moyo wangu imefurahi. Ananitaka. Loshoro haikunifuta.

Jumanne, Aprili 6

Joto lipo. Asubuhi anaamka, jioni anatetemeka. Bibi anamfunika.

Nimekamua. Yamepungua sana.

Jumatano, Aprili 7

Loserian hakuja. Watu wanasema mto umejaa. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumamosi, ni mawingu tu, kama umehama.

Alhamisi, Aprili 8

Loserian amekuja alasiri kwa miguu, suruali imeganda tope mpaka mapajani, baiskeli kaiacha ng'ambo.

"Habari njema leo," alisema. "Bibi anasema ameachika. Ametulia."

Namnyaki alikuwa anapepeta mchele, akapiga kigelegele palepale. "Si nilikuambia!"

"Ametulia vipi?" nikauliza.

"Ametulia tu. Halii tena. Hata ziwa haulizi. Kalala mkekani anaangalia."

"Anaangalia nini?"

Loserian akafikiri. Ni mtu mkweli. "Hamna kitu. Anaangalia."

Namnyaki bado anacheka, ananipiga begani, anasema mwaka huu nitapumzika. Eli hatulii. Hata akiwa amelala anapiga teke. Mtoto aliyeachika hulia kwa hasira, anatupa kijiko, anakula udongo. Haangalii tu. Yule hajaacha ziwa, yule hana nguvu ya kuliomba.

Philemoni aliporudi nilikuwa nimeshafunga kifurushi.

"Ukienda mama atasema umemdharau."

"Aseme."

"Mvua hii? Na hali hiyo uliyonayo?"

"Baba Eli, mimi nilikusikiliza Jumatatu. Kesho alfajiri naenda, unikubalie au usinikubalie."

Alikaa kitandani akashika kichwa. Halafu akainuka, akatoa viatu vyake vya mvua, akavisafisha, akavijaza magazeti mbele ili vinitoshe.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 11, Nduruma

Sikuandika siku mbili. Mkono ulikuwa na kazi. Eli amelala sasa, naandika niliyoyaona yasije yakachanganyika.

Ijumaa Kuu asubuhi lori la mchanga lilinishusha njia panda. Kutoka pale ni miguu. Udongo wa huku ni mweusi, unanata, kila hatua unabeba shamba la mtu. Kwenye mto wanaume wawili walinishika mikono kila upande, maji yakafika kiunoni, mmoja akasema, "Mama, unakimbilia ibada?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Umekuja kufanya nini? Mtoto ameachika, wewe unakuja kumwonyesha kifua?"

"Nimekuja kumwona."

"Mwone kwa mbali."

Nimempita. Sijawahi kumpita mama mkwe mlangoni maishani mwangu. Ndani palikuwa na moto, dirisha limezibwa na gunia, na Eli yupo mkekani chini ya blanketi mbili na shuka. Nilipomgusa mkono ulirudi wenyewe. Sufuria iliyotoka jikoni ndiyo ina joto lile. Midomo imepasuka. Macho nusu wazi. Nikasema, "Eli, mama huyu." Akanitazama jinsi unavyotazama mtu anayepita barabarani.

Hiyo ndiyo iliyonivunja. Siku zote nilizokaa nikiogopa asinisahau, sikuwahi kufikiri kusahauliwa kunaweza kuwa namna hiyo, bila hata kugeuza kichwa.

Nimemfunua. Bibi akamfunika. Nimemfunua tena.

"Utamuua kwa upepo!"

"Mama, naomba. Mtoto anaungua."

"Ni homa ya ziwa!"

"Basi ziwa limekuja, mbona halitaki?"

Nilimfunga Eli mgongoni na kanga moja nyepesi, nikatoka. Zahanati ya misheni iko mbali kidogo, na nilipogeuka nyuma nikamwona mama mkwe ananifuata, ameshika mwavuli. Njia nzima alinigombeza, kwamba wanawake wa mjini tunajua kila kitu, kwamba nimemlea Philemoni vibaya, kana kwamba nilimzaa mimi. Na njia nzima mwavuli ulikuwa juu ya Eli, siyo juu yake.

Nesi alikuwa peke yake, watu wamejaa kwenye mabenchi. Alipomshika Eli hakusubiri zamu. Akamvua kila kitu, akanipa kitambaa na maji ya vuguvugu nimpanguse. Akatoboa kidole, akaingia ndani, akarudi.

"Malaria. Nyingi. Mtoto wa wapi huyu?"

"Ngarenaro," nikasema.

"Ndiyo maana. Kule kwenu mbu wachache, damu yake haijazoea. Analala kwenye chandarua?"

Mama mkwe akajibu yeye. "Mimi nimelea saba, sijui chandarua."

"Uliwalea hapa, bibi?"

"Mlimani. Hapa huwa tunashuka kulima tu. Watoto tulikuwa tunawaacha juu."

Alipomaliza kusema nikaona maneno yake yamemrudia. Aliangalia chini, akaanza kukunja mwavuli ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Nesi hakumwongezea. Alimpa Eli dawa ya maji kwa kijiko, chungu, akaitema. Akampa tena, nusu ikaingia. Akamchoma sindano. Akasema hospitali ya mkoa ingekuwa bora lakini kwa mto ule hakuna gari litakalovuka leo, kwa hiyo sasa kazi ni moja. "Anywe. Chochote. Kijiko kwa kijiko. Amekauka huyu. Asipokunywa, dawa peke yake haitoshi. Kesho asubuhi mleteni tena."

Nikamvuta pembeni. "Dada, mimi nina mimba. Nikimpa ziwa?"

Akanitazama, akatazama alipokuwa mama mkwe. Akashusha sauti. "Tulivyofundishwa, hakuna ubaya. Maziwa ni maziwa."

"Wewe ungempa?"

Akacheka bila furaha. "Mimi mimba yangu ilipoingia niliachisha siku hiyo hiyo. Mama mkwe ni mama mkwe."

Kwa hiyo hakuna aliyenisaidia. Nilirudi na mtoto wangu na maneno hayo mawili.

Nyumbani nilimpa maji ya chumvi na sukari kama nesi alivyoonyesha. Yalitoka pembeni ya mdomo. Uji mwepesi, ukatoka. Maji matupu, yakatoka. Bibi alijaribu, akamwimbia kwa Kimeru wimbo ambao Philemoni huuimba akiwa amesahau kuwa nasikia. Yakatoka. Mkojo hakuna tangu asubuhi. Utosi umezama kidogo, unaweza kuweka ncha ya kidole.

Nikakaa chini, nikafungua kitenge cha Namnyaki.

Mama mkwe akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Ndeshi." Hajawahi kuniita jina langu tangu nizae. "Ukimpa hilo na akafa, usiniite kumzika."

"Nisipompa nitamzika pia, mama. Afadhali afe anajua nilikuja."

Akageuka, akaangalia ukuta.

Eli hakushika. Mdomo ulikuwa wazi tu, mkavu, umesahau kazi yake. Nikakamua tone kwenye ulimi. Likakaa pale. Tone jingine. Nilikuwa namwambia maneno ya kijinga, kwamba Namnyaki anamsalimia, kwamba viatu vyake vipo chini ya cherehani, kwamba baba yake ameuza sweta la bata lakini nitamtafutia lingine lenye bata wawili. Tone. Ulimi ukasogea. Tone. Halafu nikahisi kitu kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi na hana uhakika ni nyumba yenyewe.

Akavuta. Akaacha. Akavuta.

Bibi bado ameelekea ukutani. "Anameza?"

"Anameza."

Akatoka nje. Nikasikia anapasua kuni kwenye mvua. Nikajua amekasirika, nikasema moyoni shauri yake. Baadaye akaingia na bakuli la uji wa moto, maziwa mengi ndani, akaliweka mkononi mwangu. Hakunitazama usoni.

"Kunywa wewe," alisema, "ili anywe yeye."

Jumatatu, Aprili 12

Joto limeshuka, limepanda, limeshuka. Jumamosi tulimrudisha kwa nesi kama alivyosema, na dawa amemeza. Nikimpangusa bibi anashika beseni. Gunia la dirishani limeondolewa, sijui nani.

Jumanne, Aprili 13

Amenikojolea! Yote, mapajani, hadi kwenye viatu vya Philemoni. Nimepiga kelele bibi akaja mbio akidhani msiba. Alipoona, akakaa chini akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Mwanaume huyo," anasema. "Mwanaume huyo."

Alhamisi, Aprili 15

Amesema "nyonyo". Sauti ya kukwaruza, ya mzee. Bibi aliyekuwa jikoni alijibu kabla yangu: "Mpe, mama Eli, usimcheleweshe."

Jumamosi, Aprili 17

Mto umepungua. Philemoni amekuja. Alimwona Eli alivyokonda, akatoka nje akasimama kwenye mahindi kwa muda mrefu, amegeuka upande wa mlima. Aliporudi macho mekundu, anasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika.

Ameleta chandarua. Ametafuta mjini kote. Mama yake amekishika pembe moja, akakigeuza.

"Hii siyo shela ya bibi harusi?"

"Ni ya mbu, mama."

"Haya. Nifungie na mimi basi. Nimwone mwanaume atakayenioa ndani ya hii."

Jumatano, Aprili 21

Tumerudi nyumbani. Wakati wa kuondoka mama mkwe alimshika Eli mguu tu, akauachia. Nimetaka kumwambia kitu, sikukipata. Nimemwambia, "Mama, shikamoo," kama mjinga, na tulikuwa tumeshasalimiana.

Jumapili, Mei 2

Eli ananyonya, anakula, anapiga teke. Namnyaki ananiona, anaguna. "Wawili watakunyonya mpaka mifupa. Mmoja ndani, mmoja nje."

"Waninyonye."

Ila nimechoka. Kizunguzungu nikiinuka.

Jumamosi, Mei 15

Jana Loserian alisema: "Bibi anauliza, bado ananyonya?"

"Mwambie bado."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Leo ameleta mtungi wa maziwa. Siyo ya Eli. Bibi amesema ni ya kwangu, ninywe yote, nisimpe Philemoni.

Jumatano, Mei 26

Yanaisha. Eli anavuta, anaachia, ananitazama, anahamia upande wa pili, anaachia. Halafu anauma. Siyo kosa lake. Ziwa sasa kweli linaondoka, na safari hii hakuna aliyelifukuza.

Jumapili, Mei 30

Philemoni amezungumza kwa upole. "Tumpeleke kwa dada mlimani. Juu kabisa, hakuna mbu. Wiki mbili. Atasahau bila wewe kuteseka."

"Haendi popote."

"Utaweza kumnyima mkiwa pamoja? Wewe?"

"Sijui. Lakini akilia, atalilia kwangu. Akipata joto nitakuwa hapa nijue joto la nini."

Akasema, "Nitalala nje kwa mafundi nikishindwa kuvumilia." Nikamwambia mlango uko wazi.

Alhamisi, Juni 3

Leo mlima umetoka wote, mpaka kileleni. Mvua imekwisha.

Mchana Eli alikuja kwenye cherehani, akavuta blauzi. Nikamkalisha mapajani, nikamwambia, "Eli, baba, yamekwisha. Hakuna tena." Akavuta. Nikashika mkono. "Hapana." Akanitazama asiamini. Mimi ndiye niliyevuka mto, sasa mimi ndiye ninayemnyima.

Amelia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Amenipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, amejitupa chini, nikamwokota, amenisukuma, nikamwachia, akalia zaidi nimbebe. Namnyaki akagonga ukuta.

"Mama Eli! Unamfanya nini mtoto?"

"Namwachisha ziwa."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Halafu kwa sauti ndogo, "Pole, mama. Nipike ugali na wa kwenu?"

Nilimwambia apike. Nikazunguka naye chumbani, mlangoni, uani, chumbani. Nimempa maji, akayamwaga. Nimempa tena, akanywa kwa hasira, ananikazia macho juu ya kikombe. Nimemshika shingo kila mara, ni jasho la kilio tu, hana homa. Nililia na mimi, mbele yake, akanigusa shavu akaangalia kidole chake kilicholowa, kisha akakumbuka shida yake akaendelea.

Sasa amelala mapajani mwangu, jua halijazama bado. Naandika kwa mkono mmoja, daftari liko juu ya cherehani. Mkono wake uko ndani ya blauzi yangu, kiganja kimekaa juu ya ziwa tupu. Hakuna anachotafuta, ameuweka tu. Sijautoa.